Fahali Aliyemwangusha Sekunde

Habari yenyewe ilikuwa kwenye simu ya Wembe, na Wembe akishakuwa na habari hanyoi mtu. Mteja alikuwa kitini, nusu ya kichwa inang'aa na nusu nyingine ina nywele, lakini hakulalamika. Naye alitaka kusikia.

"Tulieni, nasoma," alisema Wembe, amesimama mlangoni mwa kibanda chake cha kunyolea, mashine ya kunyolea mkono mmoja, simu mkono wa pili. "'Dereva wa pikipiki anusurika kifo. Agongana uso kwa uso na fahali barabara ya mashambani. Fahali huyo, anayekadiriwa kuwa na uzito wa tani mbili, alitoroka eneo la tukio na hajulikani alipo.'"

"Tani mbili?" Mama Pasi aliacha shati alilokuwa akilipiga pasi kwenye meza yake, hatua tatu kutoka benchi. "Huyo ni fahali au lori la mchanga?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

Wembe alikohoa. "Na mimi. Nimeiweka kwenye kundi letu asubuhi. Lakini nimeipata kwa mhusika mwenyewe, si huyu hapa?"

Wote wakageuka kumtazama mhusika. Sekunde alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mguu wa kushoto umefungwa plasta na kunyooshwa juu ya kreti, magongo yameegemezwa ukutani. Ilikuwa siku ya kumi tangu ajali, na ya kwanza kutoka nje ya geti la nyumba yake. Jina hilo alilipata kwa ahadi zake kwa abiria: "Sekunde mbili tu, niko hapo." Sasa kutoka nyumbani mpaka kijiweni, umbali wa kurusha jiwe, alikuwa ametumia nusu saa.

"Mimi sikusema tani mbili," alisema.

"Ulisema alikuwa mkubwa kama nyumba," alijibu Wembe. "Nyumba ina kilo ngapi? Mimi nimekupunguzia."

Kicheko kikapanda. Sekunde naye alicheka, lakini mbavu zikamchoma, na chini ya mbavu kulikuwa na kitu kingine kilichomchoma zaidi. Hospitalini alisema ng'ombe, basi, ng'ombe tu. Alipofika nyumbani, majirani walipokuja kumpa pole, ng'ombe akaota pembe. Kufikia jana alikuwa fahali. Mnyama yule alikuwa akinenepa bila hata kulishwa.

Karani ndiye aliyekuwa hajacheka. Alistaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuandika mashauri mahakamani, na mpaka leo mtu akimwambia habari za asubuhi hutaka kujua ya saa ngapi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Fahali alikuwa rangi gani?"

"Mzee wangu, mtu unaruka hewani, utaangalia rangi?"

"Uso kwa uso umesema. Uso wake ulikuwa rangi gani?"

"Kahawia."

"Juzi, nilipokuja kukujulia hali, alikuwa mweusi."

"Kahawia ya kukolea," Wembe alidakia.

"Shahidi ajibu mwenyewe," Karani alimnyooshea kidole. "Swali la pili. Jana nilipita kwa fundi, nikaiona pikipiki. Usukani umepinda. Kioo cha kushoto hakipo. Kiti kimechanika. Lakini taa ya mbele, bwana Sekunde, taa ya mbele ni nzima. Haina hata mkwaruzo. Umegongana uso kwa uso na mnyama wa tani mbili, taa ikapona?"

Macho yote yakarudi kwa Sekunde.

"Labda alikuwa mnyama laini," alisema mteja wa Wembe kutoka kitini.

Safari hii walicheka mpaka Mama Pasi akashika meza. Sekunde alitazama plasta yake. Aliona jasho linamtoka, na jua halikuwa kali kiasi hicho.

"Tuacheni utani kidogo," alisema Mama Pasi, akijifuta machozi. "Si ulikuwa umempakia mama mkwe wako? Yeye anasemaje?"

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Sekunde alivuta gongo moja karibu.

"Naye anasema ng'ombe."

"Basi yameisha," alisema Wembe. "Mama yule hajawahi kumdanganya hata muuza nyanya. Akisema ng'ombe, ni ng'ombe. Funga faili, Karani."

"Hayajaisha," alisema Sekunde.

Hakujua kwamba angesema hivyo. Neno lilimtoka lenyewe. Siku kumi mama yule, aliyebaki kwao kumuuguza, alikuwa akimjia chumbani kila asubuhi, mkono umefungwa bendeji, anaweka bakuli la supu mezani, anamuuliza amelalaje. Kila akimuuliza, Sekunde aliinamia supu bila kumtazama.

"Hakukuwa na ng'ombe," alisema.

Wembe alizima mashine.

"Hata ndama?"

"Hata mbuzi. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna kiumbe. Mimi na mama tu."

"Sasa ulimgonga nani?" aliuliza Mama Pasi.

"Ngoja nianze mwanzo, na mtu asinikatishe, maana nikikatishwa sitamaliza." Alivuta pumzi kadiri mbavu zilivyomruhusu. "Mnajua mama mkwe wangu na mimi. Siku ya harusi, mbele ya wageni, aliuliza, 'Na kazi yake hasa ni ipi?' Wakamwambia, anaendesha pikipiki. Akasema, 'Hilo nimesikia. Nauliza kazi.' Miaka tisa imepita, na mpaka siku ile alikuwa hajawahi kupanda pikipiki yangu. Basi ametupigia simu anataka kuja kutusalimia na gari la mashambani limeharibika. Nikasema, leo ndiyo leo. Nimeosha pikipiki, nimeifuta mpaka spoku. Nikaenda kumchukua huko kwake. Helmeti ninayo moja, nikampa yeye."

"Vizuri," alisema Karani.

"Nimesema msinikatishe. Tukaondoka. Kunishika kiuno hawezi, mimi ni mkwe. Akashika chuma cha nyuma. Barabara ni ya changarawe, imenyooka, na mimi nakwenda. Akasema, 'Mkwe, punguza mwendo.' Nikapunguza kidogo. Akasema tena. Nikaona, huyu bado hajanijua. Nikamwambia, 'Mama, usiogope, hii pikipiki inanijua. Hata nikiiachia inakwenda yenyewe.' Akasema, 'Sijakuuliza.'"

Alisogeza mguu wake juu ya kreti.

"Halafu?" aliuliza Mama Pasi kwa sauti ndogo.

"Nikaiachia."

"Mkono mmoja?"

"Yote miwili."

Wembe alikaa chini pale pale kizingitini.

"Na nikageuka nyuma," Sekunde aliendelea, macho kwenye plasta, "nimwone uso. Nione kama amependezwa."

"Alikuwa amependezwa?"

"Hakuwepo."

"Hakuwepo vipi?"

"Tulikuwa tumefika kwenye kalavati, pale barabara ilipokatika. Tairi la mbele limeingia shimoni, mama ameshapaa kulia, kwenye lundo la mabua. Mimi na pikipiki tukaenda kushoto, mtaroni. Mimi chini, yeye juu. Pikipiki, namaanisha."

Hapo hata Karani alishindwa. Alicheka kimyakimya, mabega yanaruka, miwani ikamshuka puani. Wembe alikuwa anapiga sakafu kwa kiganja. Sekunde aliwaacha. Aliwaacha wacheke mpaka wakachoka, na kwa kuwa yeye hakuwa anacheka, mmoja mmoja wakatulia.

"Injini ilikuwa bado inanguruma," alisema. "Petroli inanidondokea shatini, tone, tone. Bomba la moshi limelala kwenye mguu, nasikia harufu, nikajiuliza nani anachoma nini, kumbe ni mimi. Siwezi kusogea wala kupiga kelele, kifua kimebanwa. Nikasema basi, petroli ikifika kwenye lile bomba, nimekwisha. Nikamfikiria mke wangu. Nikajiuliza nani atampigia simu, na atamwambia nini. Kwamba mumeo aliachia usukani ili asifiwe?"

Mama Pasi aliondoa pasi juu ya shati kabla haijaliunguza.

"Nikasikia hatua. Mama huyo, helmeti kichwani, mabua yamemchomoza kila upande. Hakupiga yowe. Aliuliza tu, 'Hii inazimwa wapi?' Kama mtu anayeuliza swichi ya taa ya sebuleni. Nikamwambia ufunguo, mama, hapo katikati. Akazima. Kisha akageuka, akaingiza mgongo chini ya kiti, akainyanyua."

"Aliinyanyua pikipiki?" Wembe aliuliza.

"Miaka sitini na nne. Ana sukari. Aliinyanyua shibiri moja akasema, 'Toka.' Nikatoka kwa viwiko. Alipoiachia ndipo bomba lilipomuunguza mkono. Akavua mtandio wake, akang'oa vijiti viwili vya uzio wa shamba, akanifunga mguu. Akakaa chini kwenye vumbi, akaweka kichwa changu mapajani mwake. Saa nzima, mpaka trekta ikapita. Aliniambia, 'Usilale, mwanangu. Nisimulie chochote.' Mwanangu. Miaka tisa naitwa 'mkwe' na 'yule mume wa binti yangu.'"

"Ukamsimulia nini?" aliuliza Mama Pasi.

Sekunde alijikuna shingoni. "Nilimwomba asimwambie mke wangu."

"We!"

"Nimevunjika mguu, nimeungua, nimenuka petroli, na hilo ndilo nililoliomba. Mke wangu alishaniambia, siku nikifanya tena michezo barabarani, ataipeleka pikipiki kwa fundi vyuma ikatwe iwe geti. Tulipofika hospitali nesi akauliza ilikuwaje. Nikasema ng'ombe. Mama akanitazama. Akanitazama sana. Halafu akasema, 'Ndiyo. Ng'ombe.'"

Karani aliweka mikono magotini. "Mwanamke huyo amekubeba mara mbili siku moja," alisema. "Pikipiki ilikuwa nyepesi kuliko huo uongo."

"Ndiyo maana nasema hayajaisha."

"Basi yamalize," alisema Mama Pasi. "Sisi umetuambia ili iweje? Sisi si tulikuwa tunamfurahia fahali wetu? Mpigie mkeo."

"Nikifika nyumbani."

"Ukifika nyumbani ng'ombe atakuwa ameshazaa. Piga hapa."

Sekunde aliitoa simu. Aliitafuta namba ya mkewe mara mbili akaikosa, mpaka Wembe akamsaidia kubonyeza, na kwa kuwa Wembe ni Wembe, akaweka na spika.

"Kuna nini, mguu?" sauti ya mkewe iliuliza haraka.

"Mguu haujambo. Nataka kukwambia kitu. Hakukuwa na ng'ombe."

Mteja wa Wembe alikuwa ameinuka kitini na shuka shingoni, amesogea kusikiliza.

"Najua," alisema mkewe.

"Unajua?"

"Mama aliniambia siku ile ile, plasta yako haijakauka."

"Lakini mbele ya nesi alisema..."

"Mbele ya nesi hakutaka mkwewe aaibike kwa watu. Kwangu ni habari nyingine. Tulikaa tunamtazama huyo ng'ombe wako anavyokua. Mama alisema tukikuachia mwezi atakuwa tembo."

Wembe alijiziba mdomo kwa kiganja. Mkewe Sekunde naye alianza kucheka, kisha kicheko kikakatika.

"Siku kumi nalala pembeni yako," alisema polepole. "Nasikiliza kama unapumua. Nashukuru unapumua. Halafu najiuliza, mtu amekaribia kufa kiasi hiki, na bado ananidanganya? Hilo lilinitisha kuliko mguu. Nilitaka useme mwenyewe."

"Nimesema."

"Nimesikia. Nimesikia, baba watoto."

Mama Pasi aligeuka kukunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Mama yuko hapa, anataka kuongea na wewe," alisema mkewe.

Sekunde alijaribu kukaa wima, kama vile simu ina macho. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemwambia?"

"Nimemwambia, mama. Nisamehe. Nisamehe sana."

"Hayo tumemaliza. Sasa sikiliza. Keshokutwa nina kliniki kule kwangu, na lile gari la mashambani bado halijapona. Fundi anasema pikipiki itakuwa tayari kesho."

"Mama, na mguu huu siwezi kuendesha."

"Kwani nani amekwambia utaendesha wewe? Nitaendesha mimi. Huyo fundi wako amenifundisha kwa pikipiki yake siku ya tatu leo. Jana nimefika gia ya tatu."

Watu wote walitazamana. Karani alijongeza mdomo kwenye simu.

"Samahani, mama, ni kijiwe hiki kinauliza. Hiyo ni kliniki ya nini?"

"Ya macho," alijibu mama mkwe. "Ndiyo maana nitaondoka mapema, kabla barabara haijajaa vitu nisivyoviona."

Simu ikakatika.

Karani ndiye aliyesimama kwanza. Alisema amekumbuka kwamba keshokutwa ana safari, siku nzima, mbali. Mama Pasi alianza kupima kwa hatua umbali kutoka meza yake mpaka barabarani, akatikisa kichwa, akaisogeza meza nyuma ya ukuta. Wembe alimrudisha mteja kitini.

"Sekunde," aliita bila kugeuka, "unacheka au unalia?"

"Mbavu," alijibu Sekunde, uso ameuficha ndani ya kiwiko. "Ni mbavu, bwana. Niacheni."