Ngazi za Kumpokea Mama Mkwe

Jumatano, 11 Juni
Habari njema! Jumapili ndugu za mke wangu Dorica wanaleta matebeto, karamu ya kumkaribisha mkwe. Tangu nimwoe wananiita "ule Mukongomani wa Dorica". Sasa kina mama watakuja na nyimbo, vyungu vichwani, waingie ndani, wanilishe mbele za watu. Hapo nitakuwa mkwe kamili.
Aibu ni ngazi zetu za mbele tu. Zege la kale, limepasuka, na linanuka vidagaa ambavyo Dorica huanika hapo. Jirani yetu Fanwell amefunika zake kwa pavé, vile vitofali vyekundu, na jioni hukaa pale kama chifu. Mama mkwe apande zege bovu huku akitazama ngazi za Fanwell? Haiwezekani!

Alhamisi, 12 Juni
Pavé zimefika kwa baiskeli ya mbeba samaki wa kijiji cha Kabuta. Nene kama Biblia! Dorica ameenda kwa mama yake kupika. Ameniachia neno nisiguse kitu, ngazi zile zinawatosha. Mambo ya heshima hayaelewi.

Jumamosi, 14 Juni
Kazi imekwisha! Nilifunga mlango kuku wasiingie, nikamwaga saruji juu ya zege, nikapanga pavé mpaka kwenye mlango wenyewe. Fanwell alichungulia akaniuliza, "Ba Hugues, na mulango je? Si unafungukaka inje?" Wivu huo! Nikamwambia aangalie ngazi zake. Saruji ni mbichi, sitaikanyaga. Nitalala jiko la nje.

Jumapili, 15 Juni
Ole wangu. Alfajiri nilifuata suti yangu ndani. Mlango haukusogea hata kidogo, pavé zimeuzuia chini kote. Nikavuta, kitasa kikabaki mkononi. Nikashika sururu, na papo hapo nyimbo zikasikika barabarani. Kina mama wakanikuta na kaptula, saruji mpaka kwenye nyusi, nikipigana na nyumba yangu.
Matebeto hayaliwi uani. Fanwell, kavaa suti ya kanisani, akawafungulia nyumba yake. Shangazi mmoja aliyetoka mbali, Kafutuma, asiyenijua, akadhani ndiye mkwe, akampigia magoti, akamnawisha mikono. Na Fanwell akanyamaza! Dorica alipopiga kelele, paja la kuku lilikuwa limeshaingia kinywani mwa Fanwell.
Mama mkwe alitazama chini. Kusema nami hawezi, mila haijamruhusu. Ila nilimwona akipangusa macho kwa kitenge. Amepika tangu juzi, maskini. Hilo linaniuma kuliko kuku.

Jumatano, 18 Juni
Nimeng'oa pavé zote. Dorica bado yuko kwao. Nyumba kimya, na ugali wangu umeungua. Ametuma neno kwamba mama yake atarudi Jumamosi na chungu kimoja, bila nyimbo, anipe nafasi nyingine. Ombi lake moja: akute ngazi kama zilivyokuwa. Nimelia. Mama yule ana moyo, na mimi nimemwaibisha bure. Naapa, sigusi pavé tena.

Jumamosi, 21 Juni
Amekuja! Amepanda zege bovu bila neno, ameketi mkekani, nimekula. Dorica amecheka. Mimi ni mkwe!
Lakini mkwe gani anaacha mama apite mchanga mtupu akienda chooni? Na pavé zipo, zimelala tu nyuma ya nyumba. Mlango wa choo nao hufungukia nje, jambo dogo. Mama mkwe ameingia humo sasa hivi. Acha nikoroge saruji upesi, nimalize kabla hajatoka, afurahi.