Jinsi Chaza wa Mdomo wa Bomba Alivyofunguliwa

Sogeeni, enyi mlioketi nanyi mpitao, zimeni redio, msikie habari za Mtafiti, binti wa fundi cherehani, Simba wa Meza ya Tatu ya maabara, alivyopambana na chaza mmoja hata akamshinda.

Chaza huyo alitolewa kwenye mdomo wa bomba la kiwanda cha betri. Wenye kiwanda waliapa kuwa maji yao ni safi, maana kila wapimaji walipokuja, bomba lilifungwa. Lakini chaza hana likizo. Akinywa madini ya risasi na shaba, jeni zake fulani huamka na kuuamuru mwili utengeneze protini za kuikamata sumu. Wenzake walikwisha kutoa ushahidi huo. Profesa, mkuu wa maabara na mwoga wa mawakili, akakataa kutamka neno mpaka huyu wa mwisho naye apimwe.

Mtafiti akachomoa kisu, akakichomeka penye bawaba ya gamba. Kisu kikapinda.

“Funguka, ewe ngome ya chokaa!” akanguruma. “Nataka kipande cha tamvua lako la kupumulia tu, nawe wanikazia kana kwamba nimekuja kuposa!”

Chaza akamtemea maji jichoni.

Mama msafishaji, aliyekuwa akisuuza chupa, akaguna. “Si umchemshe tu, mwanangu?”

“Nikimchemsha, mama, ujumbe wote wa jeni utaharibika! Na nikimponda kwa nyundo, nitabaki na uji!”

“Haya, lete nimshike. Wewe unamshika kama mtoto wa watu.”

Mama akamkumbatia adui kwa taulo. Mtafiti akatwaa kisu kipya, akazungusha. Jasho likatiririka, kiti kikapinduka, chupa zikagongana kama ngao vitani. Mara, tak! Ngome ikaanguka. Kipande cha tamvua kikakatwa, kikazamishwa kwenye baridi kali kabla jeni hazijajua kilichozipata.

Alasiri mashine ya kupima jeni ikanena. Mstari wa chaza wa maji safi, aliyewekwa wa kulinganishia, ulilala chali. Wa huyu ulipanda hadi ukataka kutoka kwenye skrini. Mtafiti akapiga kigelegele, kisha akawawazia watoto waogeleao pale bombani.

Profesa akainua simu, akapiga kiwandani. “Bwana Meneja, tumepata shahidi.”

“Nani? Mlinzi wangu?”

“Chaza.”

Sauti ndogo ikauliza, “Amesema nini?”

“Kila kitu.”

Kabla jua halijatua bomba likazibwa kwa saruji. Vizazi na vizazi visimulie: siku hiyo himaya ya betri ilipigishwa magoti na kiumbe asiye na shingo.