Bustani ya Mvua Mlangoni Kwangu

Jumatatu, 12 Mei
Mvua! Kichochoro chetu hapa Xiaobei, Uchina, kimegeuka mto. Maji yameingia mgahawani mpaka jikoni. Gunia la sembe limeloa lote. Nimepakua ugali nikiwa pekupeku. Ng'ambo, kwenye mgahawa wa Muthoni, maji yameishia kizingitini. Mkenya yule ana bahati ya kuudhi. Kasimama mlangoni na chai yake ya maziwa, ananipa pole. Pole gani ya kucheka?

Jumanne, 13 Mei
Ayi Liang, yaani shangazi Liang, wa kamati ya mtaa amepita. Wakazi wote tunaitwa, wageni tukiwemo, tuseme bustani ya mvua ichimbwe wapi. Sikuelewa. Gaudiosa, binti wa Kitanzania anayesomea mipango miji na anayekula kwangu, akanifafanulia: ni shimo lenye kokoto, mchanga na mimea. Maji yanyonywe na ardhi, yasiingie majumbani. Mimi nilisikia neno moja tu. Shimo. Mbele ya mgahawa! Mteja atapita wapi?
Nimepata wazo. Shimo liende kwa Muthoni.

Ijumaa, 16 Mei
Mkutano. Ramani kubwa mezani, vibandiko vyekundu na vya kijani. Ayi Liang alieleza kirefu. Gaudiosa alikuwa darasani, lakini Kichina cha sokoni ninacho. Nilidaka "laoban", yaani bosi, nikaitikia kwa kichwa. Tena rangi zinahitaji mkalimani? Nyekundu ni simama, kijani ni ruksa. Nikabandika kijani kwa Muthoni. Kwangu nyekundu! Mteja wangu Dullah na wapakiaji mizigo wenzake, niliowalisha pilau ya bure, wakabandika kama nilivyowaelekeza.
Ukumbi mzima ukanipigia makofi. Ayi Liang akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Wachina wanaheshimu mtu mwenye msimamo.

Jumatatu, 19 Mei
Gaudiosa kaja kunipongeza. Kwa lipi?
"Kaka Vedasto, nyekundu ndiyo 'nataka'. Hapa nyekundu ni rangi ya heri. Umeomba wachimbe kwako."
Na kijani? Ndiyo "sitaki". Kumbe nimempigania Muthoni!
Nikakimbilia ofisi ya kamati. Bu yao, bu yao! Sitaki! Ayi Liang akacheka. Kwa alivyonitafsiria Gaudiosa, alisema watu wema siku zote huona haya kusifiwa. Akanipiga picha.

Jumamosi, 21 Juni
Wamechimba, wamepanda. Wameniwekea na kidaraja cha mbao mpaka mlangoni. Wa kwanza kukivuka ni Muthoni.
"Wewe ni mjanja, Vedasto. Ningejua, hiyo kitu ningeitisha kwangu."
Ana wivu au ananidhihaki? Nimemkodolea macho mpaka akaondoka. Bado sijui.

Jumatano, 25 Juni
Mvua kuliko ile ya Mei. Nikapandisha viti juu ya meza, nikasubiri mauti. Maji yakaja, yakaingia bustanini, yakatoweka. Nikatoka kuyatafuta. Yako wapi?
Safari hii yameingia kwa Muthoni. Kaja anachuruzika maji, sufuria ya chapati kichwani, wateja wake nyuma. Akaomba awahudumie kwangu. Nilitaka kukataa. Nilitaka kweli. Lakini mtu akilowa hivyo utamwambia nini? Chapati zake tamu, Mungu anisamehe.

Jumapili, 29 Juni
Sifa zimeenea. Watu wanatoka soko la Liuhua na mabunda yao ya nguo kuja kuitazama bustani. Wanapiga picha, wanasikia njaa, wanakosa pa kukaa, wanaondoka. Hasara! Kamati nayo imenichagua mwakilishi wa wakazi, nilinde mradi. Muthoni kasema heshima hiyo inanifaa. Mimi nilikuwa nawaza hasara.
Jibu nimelipata. Dullah anamjua fundi wa saruji. Kesho asubuhi tunaifukia bustani, tunasakafia vizuri, tunapanga meza. Wanaokuja kuiona wapate pa kukaa.