Kumi na Tisa Zilizojificha Simuni

Jumatatu, 3 Machi
Simu imezima saa sita mchana. Tena! Bwana Pini, fundi cherehani mwenzangu wa mlango wa pili, yake hufika jioni na chaji tele. Huitembeza barazani kama mtoto mchanga. Leo kaniuliza kama yangu ina minyoo. Nimecheka. Moyoni nimefura kama chura.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, mdogo wake mke wangu, kanifumbulia fumbo. Kumbe ukitoka kwenye programu, yenyewe haitoki! Inabaki chinichini, inatafuna betri. Nimezikuta kumi na tisa. Hata ya dira, na mimi sijawahi kupotea dukani mwangu! Shemeji kashauri nizime tatu nne tu, ya ujumbe niiache. Mtoto wa juzi, huyo. Nimefyeka zote na kuzifungia zisijiamshe.

Jumatano, 5 Machi
Jioni, asilimia themanini na tatu! Nimempitia Bwana Pini mara nne nikijifanya natafuta uzi. Yake sitini. Kanuna. Simu yangu imetulia kama maji mtungini, hata mlio mmoja hakuna. Raha iliyoje! Mwalimu mkuu aliahidi kuniandikia leo kuhusu sare mpya, mashati mia mbili. Kimya. Siku hizi hata walimu hawana ahadi.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu mkuu kaja mwenyewe. Nimesimama kumpokea. Kanipita, kaingia kwa Bwana Pini! Nimemfuata mbio. Kasema ameniandikia mara kumi na moja tangu jana asubuhi, hata salamu sikuitikia. Nikamwonyesha simu: themanini na moja, mwalimu! Kaitazama simu, kanitazama mimi, kisha kamwambia Bwana Pini aanze na darasa la kwanza.
Nimeifungua programu ya ujumbe. Jumbe zake zimemwagika zote kumi na moja. Wa mwisho: “Basi.”
Mke wangu alikwisha kupiga pasi kitambaa cha mfano. Amekikunja, amekirudisha kabatini. Heri angenigombeza.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepima, nimepambanua. Kosa ni la mwalimu. Mwenye shida hupiga simu!
Mchana mama mkwe kaja, simu yake inachemka kama pasi. Anangoja ujumbe wa hospitali, wampe siku ya kupasuliwa jicho. Nimemwambia aketi, kafika kwa bingwa. Ishirini na sita! Nimefyeka zote, sikubakiza hata moja.
Kanibariki sana.