Nilivyoichoma Harusi ya Kitinda

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimetangaza vita na shemeji. Mdogo wake mke wangu. Ana studio ya video njia panda, na kizibao chenye mifuko mingi kuliko akili, ndiyo maana namwita Mifuko. Kaja na sura ya huruma. Eti shemeji, nipe ile kanda ya harusi ya Kitinda niihamishie kwenye diski kabla haijaoza. Kitinda ni binti yetu wa mwisho. Jumamosi anatimiza miaka kumi ya ndoa, na ukoo mzima unakuja kujazana sebuleni kwangu. Nikamjibu kompyuta ninayo, deki ninayo, mikono ninayo. Akacheka kwa pua. Kwa pua! Ndani ya nyumba yangu!

Mke wangu, ambaye sote tunamwita Kamanda, hakucheka. Kanda hiyo ndiyo pekee yenye sauti ya marehemu mama yake. Siku ile bibi alisimama akampa mjukuu wake nasaha, na Kamanda anataka kuisikia tena sauti hiyo. Hataki kingine. Akaniuliza kama nina hakika na ninachofanya. Nikamwambia alale usingizi. Akasema hakika yangu ndiyo inayomkosesha usingizi.

Jumanne, 4 Juni

Kazi imeanza! Kompyuta tuliachiwa na mkwe wetu aliponunua mpya, pamoja na maiki ndogo ya kuongelea na wajukuu. Nikatoa nyaya kwenye deki, nikaingiza kwenye kompyuta. Rangi kwa rangi. Waya mmoja ukakosa pa kwenda, nikaufunga fundo. Bila shaka ulikuwa wa akiba.

Matundu ya umeme hayakutosha. Nikachomoa spika za kompyuta. Spika za nini, wakati sauti inapita ndani ya waya kama maji ndani ya bomba?

Kisha kompyuta ikaniuliza swali refu la Kiingereza, habari za sauti, na majina mawili ya kuchagua. Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini ujasiri sikuuacha huko. Nikabonyeza jina la juu. Aliye juu ndiye mkubwa.

Kamanda alikuwa sokoni. Harusi ikaanza kutiririka kwenye kioo, kimya kabisa, watu wanafungua midomo tu. Nikavuta kiti. Nikafungua kopo la biskuti za wageni. Kwa kuwa walikuwa bubu, nikawa nawasemea mwenyewe, huyu hivi, yule vile. Raha iliyoje! Baadaye kausingizi kakanipitia. Kompyuta haihitaji mlinzi.

Alhamisi, 6 Juni

IMECHOMEKA! Kamanda aliposikia nachoma diski alikuja na ndoo ya maji. Nikamwelimisha. Diski ikatoka ina joto kama mkate. Nikairudisha kujaribu: Kitinda huyo, gauni hilo, anaingia ukumbini! Nikatazama mwanzo, nikaridhika. Mwanzo ukiwa mzuri mwisho utakimbilia wapi? Nikachoma nyingine za kugawa. Juu yake nimeandika kwa wino mzito jina la mtengenezaji. Langu.

Jioni Mifuko kapita. Anauliza kanda iko wapi, ni vizuri kuihifadhi. Nikamsoma papo hapo. Anataka aichukue, atengeneze diski yake, Jumamosi aonekane yeye ndiye mtaalamu. Hapati! Tena ndege wamenitesa sana, wanadonoa miche yangu ya mboga. Alipoondoka tu nikachukua bisibisi, nikafungua kanda, nikavuta utepe wote, nikauzungusha kwenye vijiti vya bustani. Unang'aa, unavuma kwa upepo kama mzinga wa nyuki. Kanda imestaafu, nimeipa kazi ya ulinzi.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa jikoni. Sebuleni sitakiwi.

Watu walijaa. Kitinda na mumewe, baba yake mkwe wetu na suti ileile ya siku ya harusi, majirani, Mifuko kakaa mbele kabisa mikono kifuani. Kamanda kajifunga kanga mpya, kashika miwani. Nikatoa hotuba fupi kuhusu watu wanaosema wazee hatuwezi. Nikaweka diski kwenye mashine ya diski iliyo chini ya televisheni.

Kitinda akaingia ukumbini. Badala ya muziki, ikasikika sauti ya mtu anatafuna. Kisha sauti hiyo ikasema: "Tazama anavyopepesuka, viatu vya kuazima hivyo."

Sauti yangu!

Kumbe ile kompyuta ilikuwa inasikiliza maiki! Haikuchukua neno hata moja la harusi, imenichukua mimi! Vijana wakaanguka chini kwa kicheko. Nikakimbilia kuzima, Kitinda akaniwahi mkono. Baba iache, iendelee, tunataka kusikia.

Akatokea baba yake mkwe wetu. Sauti yangu ikasema suti imeyakubali mabega lakini imelikataa tumbo. Mzee yule akajitazama tumbo, akajaribu kufunga kifungo, kifungo kikakataa. Akatokea Mifuko na kamera ya picha begani. Sauti ikasema mifuko yote hiyo na hata kalamu ameazima kwangu. Kisha kopo likalia, nikasikika nikisema Kamanda akiuliza biskuti nitasema panya.

Hata Kamanda alikuwa anacheka. Ndipo mama yake akasimama kwenye kioo.

Kicheko kikakatika. Kamanda akafuta miwani, akasogea mbele hadi ukingo wa kiti. Bibi akainua mkono, watu ukumbini wakanyamaza, akafungua mdomo.

Akakoroma.

Mimi, yaani. Mkoromo wangu, mnene, na filimbi mwishoni. Bibi anaongea, ananyoosha kidole, anatabasamu, na kila akifungua mdomo unatoka usingizi wangu. Hadi alipokaa.

Hakuna aliyecheka. Kamanda akaniuliza taratibu kanda iko wapi. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Nikanyoosha kidole dirishani. Wote wakageuka. Mama yake alikuwa anapepea juu ya miche.

Jumapili, 9 Juni

Kamanda hasemi. Anaweka chakula mezani na kuondoka. Nimemweleza kwamba kosa ni la kompyuta, imeuliza vibaya. Nimemweleza kwamba mkwe ndiye aliyeleta maiki. Nimemweleza kwamba kwa haki tukubaliane jambo moja, ndege hawakuja. Akanitazama. Nikatoka nje.

Nimeshinda bustanini nikifungua utepe kijiti kimoja kimoja. Umekunjamana, una vumbi, na sehemu moja jogoo wa jirani ameikata akatembea nayo. Nimemfukuza hadi uani kwao. Jirani akauliza namtafutia nini jogoo wake. Nikamwambia kammeza mama mkwe wangu. Akafunga mlango.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda studio na utepe wote uliobaki ndani ya beseni, nimefunika kwa taulo. Iandikwe wazi: sikuomba. Niliweka beseni mezani nikamwambia Mifuko nimekuja kumpa nafasi ya kupima ujuzi wake. Akafunua taulo. Akaunyanyua utepe kwa ncha za vidole. Aliye ndani ya utepe ni mama yake pia. Hilo nilikuwa nimelisahau.

Akasema atajaribu, kwa sharti niseme mbele ya wateja wake kwamba fundi ni yeye. Nikasema huku nakohoa. Akasema hakusikia. Nikarudia. Akaniambia shemeji, sasa shika huku, usivute, usipumue, na kwa jina la Mungu usitengeneze kitu. Nikashika. Tukasafisha na kuunga hadi mgongo ukalia.

Alhamisi, 13 Juni

Mifuko kaleta diski. Kanda kaiacha studio kwenye kabati lenye kufuli, eti kwa usalama. Usalama dhidi ya nani, hakusema.

Tulikaa watatu. Picha ina chenga kama mchele umemwagwa, inaruka, inapotea, inarudi. Bibi akasimama. Mikwaruzo. Halafu ikatoka, nyembamba lakini yake yeye:

"Mjukuu wangu, siku mume atakapokwambia, 'Hiki nitakitengeneza mwenyewe,' ficha bisibisi. Mama yako sikumwambia mapema. Nisamehe, mwanangu."

Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Siku ile ya harusi sikuyasikia maneno hayo, nilikuwa nje nagombana na mtu wa jenereta, namwonyesha kazi. Nikamgeukia Kamanda. Midomo yake ilikuwa imeyatamka maneno yote pamoja na mama yake. Anayajua kwa moyo! Alichokuwa anataka ni sauti tu. Akacheka, akalia, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akacheka, akalia. Mifuko akawa anatafuta leso mfuko hadi mfuko, asiipate. Nikampa yangu.  Mimi nina ustaarabu wangu.

Usiku Kamanda akanisemesha. Alisema nisogee, nimemlalia kanga. Nimesamehewa!

Ijumaa, 14 Juni

Kamanda kaenda kwa Kitinda tangu asubuhi. Bisibisi haionekani. Nimetafuta kabatini, uvunguni, hata ndani ya pipa la unga. Huyu mama mkwe ananiandama hadi kaburini, na si kaburi langu.

Nimeitazama tena diski ya Mifuko. Chenga zile! Hiyo ndiyo kazi ya fundi? Diski haina kosa, nimeifuta kwa shati. Tatizo ni mashine ya diski, ndani itakuwa na vumbi, na vumbi linafutika. Kamanda akirudi jioni amkute mama yake anang'aa, halafu tuone nani atacheka kwa pua.

Diski imegoma kutoka. Si neno, nitaitolea ndani kwa ndani. Mfuniko una skrubu nne tu.

Kisu cha siagi kinaingia kwenye skrubu kana kwamba kilizaliwa kwa kazi hiyo.