Udongo Uliosimama Kichwa Chini

Hakuna udongo duniani uliowahi kumdanganya Baba Pacha! Ndivyo alivyosema mwenyewe, tena bila kuulizwa. Wapimaji wenzake walilowesha bonge la udongo wakalifikicha kwa vidole. Yeye alilitia mdomoni, akafumba macho, akatangaza: "Udongo wa mfinyanzi! Una mchanga kidogo, na umekulia upande wa jua."

Siku hiyo bosi wao, mama asiye na mchezo, alipanda mwenyewe mlimani kuchagua kiongozi wa kupima udongo wa bonde zima la mto. Waliobaki kwenye kinyang'anyiro ni wawili: Baba Pacha na mwenzake Miwani, dada mpole asiyependa makuu. Nyumbani Baba Pacha alishajipa ushindi, na hata mama mkwe alishaanza kumwita Kiongozi. Sasa arudi vipi mikono mitupu?

Akachagua mahali, akachimba. Lo! Jembe lilizama kama kijiko kwenye uji.

"Ardhi inamjua bwana wake!" akajisifu.

Shimo lilipomfika kifuani, nusura azimie kwa furaha. Mlima ule wote, udongo mweusi hukaa juu na mwekundu chini. Hapa mwekundu ulikuwa juu, mweusi chini!

"Bosi! Njoo uone maajabu! Udongo umesimama kichwa chini!"

Bosi akashuka shimoni, Miwani akachungulia kutoka juu.

"Huu haumo kitabuni," Baba Pacha akasema, kifua mbele. "Itabidi tuupe jina langu."

"Umepinduliwa na nini?"

"Mlima, Bosi! Uligeuka usingizini!"

"Lini?"

Baba Pacha akachota ule mweusi wa chini kabisa, akautafuna kwa madaha. "Miaka elfu kumi. Ikipungua, basi kwa wiki moja tu."

Bosi akachomoa kisu, akakwangua palepale alipochota mtaalamu. Kisu kikagonga kitu. Akafukua, akatoa bakuli la plastiki lenye kifuniko, na juu ya kifuniko maandishi makubwa ya wino. Akayafuta vumbi, akayasoma kwa sauti: "BABA PACHA, BAKULI HILI LIRUDI NYUMBANI!"

Mdomo wa Baba Pacha ulikuwa bado umejaa udongo, na aibu ikamzuia kutema wala kumeza.

"Kaka," Miwani akasema kwa huruma, "si hili shimo lako la mwaka jana? Siku ile ulikuwa na haraka, ukafukia kwa kuanza na udongo wa juu. Nilikwambia uanze na mwekundu, ukaniambia nisikufundishe kazi."

Bosi alicheka mpaka akashikilia ukuta wa shimo. Alipopata pumzi, akamgeukia Miwani: "Mama, bonde ni lako."

Kisha akampa Baba Pacha lile bakuli, kwa mikono miwili.

"Na wewe wahi nyumbani, baba. Miaka elfu kumi mkeo anasubiri chombo chake!"