Malalamiko Kuhusu Tangazo la Duka Langu Linalopangwa Kila Mwaka

Duka la Samaki na Chipsi la Ackroyd,
Mill Lane, Haslow, Yorkshire.

Kwa Mtahini Mkuu,
Somo la Habari na Filamu.

Ndugu Mtahini Mkuu,

Salamu kutoka nyuma ya karai. Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena umeshiba, maana mwenye njaa hasomi malalamiko ya mtu hadi mwisho.

Mimi ni Clifford Ackroyd, muuza samaki na chipsi, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba pamoja na ukali wake. Ng'ambo ya barabara limefunguliwa duka la kuku wa kukaanga lenye taa nyekundu, na tangu hapo wateja wangu hunipungia mkono kwa heshima, kisha wakaingia kule. Mke wangu Doreen amesema wazi kwamba foleni ya Ijumaa isiporudi kabla ya majira ya joto kwisha, tunafunga. Kwa hiyo nilihitaji tangazo, na mtihani wako umeniahidi tangazo kila mwaka bila kunipa hata moja.

Nieleze. Chuo chetu kiko juu ya kilima. Kila mwaka wanafunzi wanaojiandaa na mtihani wako, ule wa utafiti na mipango kabla ya kupiga filamu, hupewa na mwalimu wao zoezi lile lile: pangeni tangazo la duka la chipsi la mtaani. Duka la chipsi la mtaani ni langu. Basi hushuka na madaftari yao, na kwa kuwa kwetu vipande vya unga vinavyobaki kwenye mafuta hutolewa bure, hawaondoki. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kupimwa. Kila kundi huja kukagua eneo. Wanapima kaunta, wanatafuta soketi za umeme, wanapiga makofi kusikiliza mwangwi. Kaunta haijarefuka tangu enzi za baba. Nilitaka kuandika vipimo ukutani tupumzike wote, nikaambiwa kwamba wakinakili huo utakuwa utafiti wa upili, na wao wanatakiwa waonyeshe na wa msingi, yaani wa kujipimia wenyewe. Nikashusha ngazi.

2. Kuhojiwa. Nimeulizwa mara nyingi kama napenda chipsi. Napenda. Lakini mwaka huu walimhoji Walter Binns, mteja wangu wa kila siku tangu tulipokuwa tukicheza raga pamoja, kisha wakamweleza kwa adabu kwamba yeye si hadhira lengwa, kwani hadhira lengwa ni vijana. Walter akaweka uma chini. "Kwa hiyo samaki hawanihusu?" Wakamjibu wanamhusu, ila si kimkakati. Sasa Walter hula kuku kule ng'ambo, tena dirishani, akinitazama. Hapendi kuku hata kidogo.

3. Tathmini ya hatari. Hii waliibandika kwenye kioo cha mlango na hawakuibandua. Mteja kabla hajasoma bei anasoma: mafuta ya moto, sakafu yenye utelezi, miiba, siki machoni, mwenye duka. Nikauliza mimi nimeingiaje humo. "Usikasirike, mzee Cliff, ni kwa sababu unafoka." Nikafoka.

4. Michoro. Kabla ya filamu wanachora kila tukio kwenye visanduku. Katika visanduku vyote, miaka yote, sina shingo. Mwaka juzi niliondolewa kabisa, nafasi yangu akapewa samaki anayeongea. Doreen aliutazama mchoro ule kwa muda mrefu, akasema samaki yule ana uso wa ukarimu.

5. Mpango wa dharura. Nanukuu. "Mvua ikinyesha, tupige ndani. Kamera ikiharibika, tutumie simu. Mwenye duka akifa au akigoma, tumtumie mkewe." Doreen akasema huu ndio mpango wa kwanza wenye akili kuingia dukani humu tangu aolewe. Ameubandika kwenye friji.

6. Hapa nimefika kwenye kidonda. Mwaka huu waliniletea ratiba, na ratiba ilisema Jumanne asubuhi, kupiga picha. Ndugu Mtahini, nilifunga duka. Nilinunua shati la buluu. Doreen alikwenda kusetiwa nywele. Nilikaanga samaki mzuri kuliko wote niliowahi kukaanga, nikamweka chini ya taa, nikasimama kando yake nimenyoosha shingo ili ionekane. Hakuja mtu. Samaki alipoa, tukamla wenyewe.

Kesho yake akaja Keeley Sugden, binti aliyewahi kufeli mtihani wako na sasa anaurudia, ambaye hudurusu kwenye meza ya pembeni huku akinipa kadi zake nimsikilize majibu. Akaliona shati kwenye msumari. Akanionea huruma, nami huruma siiwezi.

"Mzee Cliff, si ungeniuliza? Hakuna anayekuja. Mtihani ni wa kupanga tu. Ile tarehe tuliweka ili tupate alama."

"Na filamu?"

"Haijawahi kuwepo."

Niliumia, wala sioni aibu kukwambia. Nilikwenda kukaa nyuma kwenye magunia ya viazi mpaka Doreen aliponiita.

Sasa tuulizane, ndugu yangu. Ahadi ni deni, au huko kwenu ni alama? Siku ukipita Haslow, karibu dukani, nitakuhudumia kwa utaratibu wako. Nitakuonyesha picha ya samaki. Nitakuuliza umri wako na mara ngapi kwa wiki unakula samaki. Utatia saini kwamba unafahamu samaki ana miiba. Nitakuchora ukimla, bila shingo. Kisha nitakutakia safari njema. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yatakayouma yatakuwa ya kwako.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote: mtihani huu ufutwe, na kuanzia sasa mtoto yeyote atakayeingia dukani na kamera, bila karatasi hata moja, apewe alama zote papo hapo. Pili, ofisi yako ije kupiga matangazo yote yaliyolimbikizwa, tukianza na lile la samaki anayeongea, ambaye niko tayari kumwigiza mwenyewe. Tatu, Walter Binns aandikiwe barua yenye muhuri kwamba yeye ni hadhira lengwa.

Nisalimie wasahihishaji wote, makarani, mlinzi wa getini na mama wa chai. Yule aliyebuni maneno "si kimkakati" msalimie mwisho, kama muda utaruhusu.

Ni mimi, mwenye unga mikononi na shati jipya msumarini,

Clifford Ackroyd.

N.B. Barua hii ilichelewa nyuma ya mtungi wa mayai yaliyolowekwa kwenye siki ikisubiri stempu, na mambo yamebadilika kidogo. Keeley alitoka kwenye mtihani wako akaja mbio na kamera ya shangazi yake anayepiga picha za harusi. "Mzee Cliff, vaa shati, tunapiga sasa hivi!" Nikamuuliza kibali kiko wapi. Nikamuuliza kama amekagua eneo, na kama ana michoro. Akasema, "Mtihani umekwisha, sitaki kuona karatasi hata ya kufungia chipsi!" Nikamwambia katika duka la Ackroyd hakuna atakayewasha kamera kienyeji, mambo yana utaratibu wake. Nikagoma.

Keeley akamtazama Doreen. Doreen akatazama friji. Kisha akavua aproni.

Haslow nzima imeshamwona mke wangu kwenye simu, amemshika samaki mkia, akisema, "Njooni tu, mwenye duka nimemfungia nyuma." Walter alivuka barabara kabla hata hawajamaliza kupiga. Ijumaa foleni ilifika hadi mlangoni kwa watu wa kuku. Hatufungi tena. Mimi niko nyuma, namenya viazi, na nimefurahi hadi nimesahau kufoka.

Kwa hiyo usiufute mtihani, tafadhali. Na karatasi ya Keeley Sugden ikifika mezani kwako, tazama swali la mpango wa dharura. Kama ameandika kwamba mwenye duka akigoma atumike mkewe, mpe alama zote. Nimehakikisha mwenyewe.